Hedifoni Haichaguliwi Kibandani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, cheti changu cha darasa la kumi kimo mkobani, na mkononi nina barua ya Bwana Katibu wa klabu ya ndege, iliyosema waziwazi kwamba naajiriwa kutunza vifaa vya redio katika uwanja wa ndege wa Tanga. Bwana Mkufunzi, ndiye aliyefundisha watu kurusha ndege, alinipokea mlangoni mwa stoo. Akaisoma barua, akanitazama, akaisoma tena kana kwamba huenda mara ya pili ikasema jina la mwanamume. Kisha akanyoosha kidole kwenye kona.

"Vifaa iko pale," akasema.

Nikageuka. Ulikuwa ufagio wa chelewa umeegemea ukuta.

Niliushika nikafagia. Nilifagia stoo nzima, na chini ya magunia mabovu nikakuta kasha, na ndani ya kasha hedifoni kumi na moja zimerundikwa kama kaa tengani, waya zimesokotana, plagi zimeota kutu ya kijani. Nikalibeba kasha mpaka mlangoni kwenye mwanga, nikakaa chini, nikaanza kufungua moja. Hakuna aliyenituma. Kazi yangu ilianza hivyo, na niliianza mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili yenu wadogo zangu mlio bado shuleni, kama wazee wanavyoandika habari za kazi zao wakishastaafu. Chekeni mkitaka. Nina miaka ishirini na minne, mtoto wangu wa miezi mitano yuko mapajani anavuta leso yangu huku naandika, na nimestaafu. Sikusema mimi. Imeandikwa kwa taipu katika karatasi yenye nembo ya klabu: wananishukuru kwa utumishi wangu, wananitakia mapumziko mema. Mapumziko! Aliyeiandika aje ampokee huyu mtoto siku moja, kutoka alfajiri mpaka magharibi, halafu anifafanulie neno hilo. Lakini haya. Ikiwa mimi ni mstaafu, basi na haki ya mstaafu ninayo, nayo ni kusema mpaka amalize.

Kwa asiyejua, hedifoni ni vile vikombe viwili vya kuvaa masikioni, vimeunganishwa na utepe wa chuma unaopita juu ya kichwa. Rubani humsikia kwavyo mtu wa redio aliye chini. Mbele ya mdomo kuna maikrofoni, ya kujibia. Mwisho wa waya kuna plagi, inachomekwa kwenye ndege. Ni kitu kidogo, chaingia kwenye kikapu cha sokoni. Lakini injini ya ndege ndogo hunguruma futi chache mbele ya magoti yako, na ndani ya ngurumo hiyo mtu mwenye hedifoni mbaya ni kiziwi, hata kama alizaliwa na masikio ya paka.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio na gramafoni Ngamiani, barabara ya nane, na mimi nilijua kushika chuma cha kulehemu kabla sijajua kukuna nazi. Mama alilalamika. Baba akamjibu, "Nazi atakuna maisha yake yote. Mwache ajue na kingine."

Basi nilikuwa najua umeme. Nisichokijua kilikuwa ngozi, na kosa langu la kwanza nitalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu. Kwetu pwani kitu kikikauka hupakwa mafuta ya nazi: nywele, mtoto mchanga, viatu, bawaba za mlango. Ile mito ya hedifoni, yaani duara laini zinazogusa sikio, ilikuwa ya ngozi iliyokakamaa. Nikaipaka mafuta ya nazi yote kumi na moja, ikang'aa, nikajiona fundi. Baada ya wiki mbili ngozi ililainika ikawa kama ganda la ndizi iliyoiva sana, gundi ikaachia, mafuta yakateremka mpaka kwenye plagi, vumbi likaganda juu yake. Mwanafunzi mmoja, msaidizi wa meneja wa shamba la mkonge, alishuka kwenye ndege ana duara mbili nyeusi masikioni, ananukia kama bibi harusi.

"Nani napika hapa?" akauliza Bwana Mkufunzi.

Niliporudi nyumbani baba alicheka mpaka akavua miwani. "Mafuta na umeme ni wake wenza, mwanangu," akasema. "Usiwalaze chumba kimoja."

Nikajifunza. Nilizifungua zote upya, nikasugua plagi kwa jivu laini na kitambaa kikavu, nikatupa mito iliyooza. Kwa mshona viatu wa Ngamiani nikanunua vipande vya ngozi ya mbuzi, laini, nikashona mito mipya kwa mkono. Ndani sikutia pamba. Pamba hunywa jasho, na jasho la rubani mwenye hofu ni jingi kuliko mnavyofikiri. Nilitia sufi, hii hii tunayojazia mito ya kulalia, kwa sababu sufi hainywi maji. Ukiibonyeza hufuata umbo la kichwa, ukiiachia hurudi. Mto wa sufi ulilikumbatia sikio pande zote, hata mwanya wa kupitisha uzi haukubaki.

Ikabaki shida ya maikrofoni. Zetu zilikuwa na chembe za mkaa ndani. Ukisema, sauti inazitikisa chembe, na umeme unapita kwa kadiri ya mtikisiko huo. Sasa Tanga mnaijua. Wakati wa masika hata sukari chupani inashikana ikawa jiwe. Na chembe za mkaa vilevile, zikinywa unyevu zinashikana, rubani anapiga kelele na chini hatusikii kitu. Wazungu walikuwa wanaigonga maikrofoni ubavuni mwa ndege kama mtu anayekung'uta kiko. Ikifunguka wanashukuru, isipofunguka wanaitupa na kuagiza nyingine Ulaya.

Mimi nilimtazama mama akifukiza nguo. Kila nyumba ya hapa kwetu ina chetezo cha kufukizia udi na lile tenga linalofunikwa juu yake, nguo zikatandazwa juu ya tenga, zikakauka, zikanukia. Nikapeleka chetezo stoo. Makaa machache, yamefunikwa jivu ili joto liwe la upole, tenga juu, hedifoni juu ya tenga, nusu saa. Chembe zikalegea. Maikrofoni tatu zilizokwisha kutupwa zikasema. Nikazoea kutia na kipande kidogo cha udi, maana harufu ya kichwa cha mtu mwingine si kitu cha kumvisha mwanafunzi siku yake ya kwanza.

Aliyenisaidia kutafuta makaa ni Mzee Shekiondo, mlinzi wa uwanja, Msambaa wa huko milimani upande wa Amani. Aliniita mndee, ndiyo binti kwa lugha ya kwao.

"Mndee," akaniambia siku ile ya kwanza, "wazungu wakiona moshi huu watasema unaroga ndege."

"Shikamoo Mzee Shekiondo, na waseme."

"Marahaba. Lakini mimi simo."

"Wewe umeleta makaa, umo mpaka shingoni."

Haikupita siku tatu Bwana Mkufunzi akafungua mlango, akakuta moshi. "Hapana leta dawa ya mganga kwa mashini yangu!" Nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu, kuhusu mkaa na unyevu. Hakuwa mjinga, alinielewa. Lakini alisema jambo ambalo mtalisikia sana ninyi, na mlizoee ili lisiwashtue: alisema kama lingekuwa la kweli, mtu mwingine angekwisha kuligundua. Akapiga marufuku. Nikahamishia chetezo uani nyuma ya stoo, nikaendelea.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya miaka miwili ya kwanza. Baadaye nikawekwa pia kwenye kibanda cha redio, kuandika daftari: nani ameruka, saa ngapi, amesema nini. Hapo ndipo nilipoanza kuona jinsi wanafunzi wanavyochagua hedifoni, na nikaanza kukosa usingizi.

Desturi ya klabu ilikuwa hivi. Mwanafunzi akifikia hatua ya kuruka peke yake, huchagua hedifoni yake ya kudumu, inaandikwa jina lake, haivai mtu mwingine. Anaingia kibandani, mahali pakimya, Bwana Mkufunzi anawasha redio, mwanafunzi anajaribu moja baada ya moja. Anachukua inayopiga sauti kubwa kupita zote. Bwana Mkufunzi naye anaivaa, anatikisa kichwa, basi. Wanaume wazima, watu wa kununua shamba zima la mkonge, wanachagua kitu cha kuokoa roho zao kama mtoto anayechagua filimbi sokoni!

Hedifoni haichaguliwi kibandani. Inachaguliwa pembeni mwa injini inayonguruma, kwa sababu huko ndiko itakakotumika. Sauti kubwa si kitu. Cha kutazama ni kile inachokizuia kisiingie. Vaa, bana meno, geuza kichwa kushoto na kulia kama unayetafuta uwanja, uone kama mto unaachia sikio. Ukiwa na miwani, vaa na miwani, maana mguu wa miwani hufungua mlango kwa kelele. Tazama waya, utafika kwenye tundu la plagi ukiwa umeinama? Ikae kichwani saa nzima, si dakika moja. Hedifoni nzito huanza kama kofia, humaliza kama ndoo ya maji. Nilimwambia haya Bwana Mkufunzi. Akasema, "Wewe andika daftari."

Mwaka uliofuata akaja Seif.

Seif alikuwa Mpemba wa Wete, baba yake tajiri wa karafuu, na alikuwa mwanafunzi wa kwanza pale asiyekuwa Mzungu. Kijana wa umri wangu, mtanashati, mzaha haumtoki mdomoni. Bwana Mkufunzi hakumpenda, lakini alimfundisha vizuri, hilo namkubalia. Ilipofika zamu yake kuchagua, lilikuwa limefika pia sanduku jipya kutoka Ulaya, aliloliagiza Bwana Mkufunzi mwenyewe: hedifoni nyeupe, nyepesi, mito yake myembamba kama maandazi yaliyokataa kuumuka. Sauti yake kali mno. Ukiiweka mezani unaisikia ukiwa mlangoni.

Nilimsubiri Seif nje, nikampa moja ya zangu.

"Dada Mwanahawa," akasema akiigeuzageuza, "hii imeshonwa na fundi magodoro?"

"Imeshonwa na mimi."

"Basi nikisinzia huko juu, lawama yako."

"Ukisinzia huko juu hutapata nafasi ya kulaumu mtu. Ivae. Nenda kasimame karibu na injini ile inayowashwa pale, halafu vaa na ile nyeupe, ulinganishe."

"Ile nyeupe yasikika mpaka Pemba."

"Ndiyo kasoro yake. Kama sauti inatoka nje hivyo, basi kelele nazo zinaingia hivyo hivyo. Mlango ni mmoja."

Akaubonyeza mto wa sufi kwa kidole gumba. Niliona imemgusa. Lakini Bwana Mkufunzi alikuwa amesimama nyuma yetu, na Seif alikuwa kijana mmoja katikati ya watu waliokuwa wanangoja akosee. Angewezaje kukataa kitu kipya cha Ulaya, cha mwalimu wake, akachukua mto wa sufi wa mwanamke wa stoo? Akachukua nyeupe. Jina lake likaandikwa.

Safari yake ya tatu ya peke yake ilikuwa kufuata pwani kwenda kaskazini mpaka Moa, kugeuka ndani mpaka Maramba, na kurudi. Aliruka asubuhi kweupe. Saa moja baadaye mvua ya vuli ikatoka baharini kwa ghafla, ukuta mweusi, ikafunika uwanja hata nguzo ya bendera hatuioni. Maramba kulikuwa na jua bado. Tulipiga simu shamba la mkonge la huko lenye kiwanja chake cha ndege, wakasema anga safi. Jambo lilikuwa jepesi. Aambiwe Seif ageuke arudi Maramba, atue huko, anywe chai.

Bwana Mkufunzi akashika maikrofoni, akamwambia. Mimi naandika.

Seif akajibu, na sauti yake ilitufikia safi kama aliyekaa chumbani: "Sikusikii. Rudia."

Akarudia.

"Nasikia mtu anasema, sisikii anasema nini. Rudia."

Akarudia mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano alikuwa anapiga kelele, mishipa ya shingo imemsimama. Nikamwomba maikrofoni nami nikasema polepole, neno moja moja. "Rudia," akasema Seif. Halafu akasema, "Nashuka nitafute uwanja." Tukamsikia kwa masikio yetu wenyewe, juu ya bati, ndani ya wingu, injini inapita, inazunguka, inapita tena. Chini ya hapo palikuwa na minazi, na nguzo za simu, na mji wa watu. Mzee Shekiondo alikuwa amesimama mlangoni analowa, anasoma dua kwa sauti. Kisha mlio ukaelekea kaskazini, ukapungua, ukaisha.

Tulikaa mpaka adhuhuri ikapita. Katika daftari niliandika saa, na mbele ya saa sikuwa na la kuandika.

Simu ililia kutoka kwenye duka la Mhindi huko Moa. Maji yalikuwa yamekupwa, Seif akaona mchanga, akatua juu yake. Gurudumu likazama, ndege ikapiga pua, rafadha, ule upanga wa mbele unaozunguka, ikavunjika vipande, na yeye akavunjika mfupa wa bega. Wavuvi ndio waliomtoa. Alikuwa hai. Nilitoka nje nikalia mvuani ili wasinione.

Siku ya nne tukaitwa mbele ya Bwana Katibu. Alikuwa meneja wa shamba la mkonge, mzee mkavu, kiko mdomoni, mtu wa maneno machache. Seif alikuwepo, mkono umefungwa shingoni, na ile hedifoni nyeupe iliyookolewa iko mezani. Bwana Mkufunzi akasema sababu inajulikana: huyu mwanamke huvukiza vifaa kwa moshi, aliambiwa asifanye, akaendelea kwa siri. Moshi umeharibu hedifoni. Aondolewe leo.

Wadogo zangu, jueni na hili. Wakati ule mshahara wangu ndio uliokuwa unamnunulia baba dawa. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba nikiondolewa kwa neno lile, basi kila mwanafunzi atakayepanda baada ya Seif atavishwa uchafu ule ule mweupe, na mwingine hatapata mchanga wa Moa wa kutua juu yake.

"Bwana Katibu," nikasema, "ni kweli nafukiza. Nafukiza zote, ila ile nyeupe. Ile sikuigusa, Bwana Mkufunzi alinikataza nisiiguse na nilitii. Na mkaa uko kwenye maikrofoni, na maikrofoni ya Seif tuliisikia vizuri sote. Imo daftarini. Aliyekuwa hasikii ni yeye. Nenda nje. Washeni ndege. Kaa ndani uvae ile nyeupe, mimi nitakaa kibandani nikusomee maneno, uandike unachosikia. Kisha uvae yangu."

"Huu ni upuuzi," akasema Bwana Mkufunzi.

"Utachukua muda gani?" akauliza Bwana Katibu.

"Robo saa."

Akatoa kiko mdomoni. "Twende."

Ndege nyingine ikawekewa kabari magurudumuni, injini ikawashwa ikaongezwa nguvu mpaka ikatetemeka. Nilisoma maneno kumi: upepo, mwelekeo, tarakimu, jina la mahali. Bwana Katibu akiwa na ile nyeupe aliandika mawili. Akiwa na ya sufi aliandika kumi. Akashuka. Akamwashiria Bwana Mkufunzi, zamu yako.

Kwa ile nyeupe, karatasi ya Bwana Mkufunzi ilirudi haina neno. Kwa ile ya sufi ilirudi ina maneno mawili, moja si sahihi.

Injini ikazimwa. Tulielewa sote kwa pamoja. Mtu yule alikuwa amerusha ndege za vita miaka mingi, na injini zilikuwa zimemla masikio. Ndiyo maana alipenda sauti kali, ndiyo maana kibandani alikuwa anafungua redio mpaka bati linatetema. Alikuwa anawachagulia watu wazima wenye masikio yao, kwa masikio yake yaliyokufa.

Nilimwonea huruma kwa muda wa kumeza mate. Kuwa kiziwi si kosa lake. Kosa ni kulificha jambo, kisha kunisukumizia mimi.

Seif akanigeukia. "Dada Mwanahawa, ile ya fundi magodoro bado ipo?"

"Ipo. Lakini utaivaa nje, kando ya injini, saa nzima."

"Na udi utie."

Toka siku hiyo ikawa kanuni ya klabu. Kila mwanafunzi alichagua hedifoni nje, injini ikinguruma, mimi nikisoma, yeye akiandika, na aliyekosa hata neno moja hakuruka. Chetezo kikarudi stoo mchana kweupe. Bwana Mkufunzi alibaki kazini. Watu wa namna yake hubaki. Hakunisamehe. Alikuwa anangoja.

Nikaolewa, na mume wangu, karani wa reli, hakuona ubaya wa mke anayekwenda kazini na waya mfukoni. Nikashika mimba. Nilifanya kazi mpaka mimba ikafika mwezi wa nane. Siku moja Bwana Mkufunzi akaja stoo mwenyewe na bahasha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatabasamu.

"Sasa wewe natunza mtoto," akasema.

Ilikuwa ile barua ya kustaafu. Saini ya Bwana Katibu iko chini. Nilikwenda kumwuliza. Aliniambia sijakosa chochote, kazi yangu ni nzuri mno, lakini mama mwenye mtoto uwanjani, haijapata kutokea. Nikamwambia, na mwanamke wa kuwachagulia marubani hedifoni, iliwahi kutokea wapi? Akawasha kiko.

Wazee wakiandika habari za kazi zao, mwishoni husema wamepumzika, wana amani, wanawaachia vijana. Mimi sina amani, wala sijaacha kitu. Nimekaa miezi sita nyumbani, na kila ndege ikipita juu ya nyumba namnyamazisha mtoto ili niisikilize injini. Majirani wanasema nishukuru, nina mume, nina binti mzima wa afya, nataka nini tena? Nataka kazi yangu. Mbona neno hilo likisemwa na mwanamume halihitaji maelezo?

Juma lililopita Seif alikuja hapa kwangu. Siku hizi ana leseni yake. Alibisha hodi, akapakatishwa mtoto, akamwagiwa maziwa kwenye shati jeupe, akacheka.

"Nimetumwa," akasema. "Na sipendi nilichotumwa."

"Sema."

"Karani mpya aliyeshika kazi yako amezifungia hedifoni kwenye kabati la chuma. Zimeota ukungu. Tano hazisemi, na mito ameshona ya pamba. Wiki jana mwanafunzi alirudishwa kabla ya kuruka, alikosa maneno sita. Bwana Katibu anakuomba, kwa hisani yako, umwandikie karani namna unavyofanya. Yote, toka mwanzo. Kwa faida ya klabu."

"Aniandikie barua ya kunirudisha."

"Nilimwambia hivyo. Akasema uandike kwanza, barua baadaye."

"Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Seif alimtazama mtoto. "Mie ningekuwa weye, wallahi, ningekwisha kuwatukana."

Sikutukana. Nilichukua daftari nikaandika, na ndicho hiki mnachokisoma. Nakala moja ni yenu, nyingine ni ya Bwana Katibu. Ameomba yote toka mwanzo, nami nimeanzia kwenye ufagio. Humu atakuta jivu, sufi, tenga na makaa. Hatakuta jinsi ngozi inavyokatwa ili mto usiachie sikio mtu akigeuza kichwa, wala jivu liwe jingi kiasi gani juu ya makaa ili mkaa ukauke usiungue. Hayo sikuyasahau. Nimeyaacha makusudi, kwa sababu hayafundishwi kwa karatasi, na kwa sababu wamezoea kutaka kazi ya mtu huku wakimfungia mwenyewe mlango. Msichana anayetaka kujifunza aje, nitamshika mkono nimwonyeshe, iwe kwangu, iwe stoo.

Nakala ya Bwana Katibu nitampelekea mwenyewe. Jumatatu, saa moja asubuhi, mtoto mgongoni. Mzee Shekiondo ameniambia getini hatanizuia. Nitakaa kwenye meza yangu ya stoo, nitafungua kabati lile, nitaanza na hedifoni ya kwanza itakayonijia mkononi. Anayetaka nitoke atalazimika kunitoa mbele ya wanafunzi, nao watakuwa wamesimama mstarini, wanangoja kujua watavaa nini masikioni.